Kozi Moja, Walimu Watatu

MCHUMI WA MAZINGIRA: Pendekezo limesemwa korido nzima kabla halijasomwa, kwa hiyo nilitaje lilivyo. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, kozi moja ya lazima yenye krediti 12 inachukua nafasi ya DS (Taaluma za Maendeleo), ya Stadi za Mawasiliano, na ya kipande cha kozi ya utangulizi ya kila kitivo. Wa sayansi na wa sanaa wanakaa ukumbi mmoja. Wanapewa jambo moja, zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu Kanda ya Ziwa, wanalifuata muhula mzima: linavyokwenda kwenye karai, linavyokwenda mfukoni, na linavyoandikwa ili diwani alisome akalielewa. Kemia, uchumi wa mazingira, uandishi. Walimu watatu, mtihani mmoja.

MHADHIRI WA KEMIA: Mimi nimelisoma, na hesabu nimepiga. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mhadhara, semina, maabara na kusoma kwake usiku vikiwa humohumo. Krediti 12 ni saa 120. Tukigawana sawa napata 40. Ndani ya saa 40 sifundishi kemia. Namtambulisha mtu kwa kemia, kisha namwacha aende zake akiamini wanafahamiana. Asiyeijua kabisa simwogopi, huyo huuliza.

AFISA MAZINGIRA WA HALMASHAURI: Profesa, uniwie radhi nikukatishe, maana ni wewe uliyenifundisha. Mpaka leo naweza kufanya titresheni huku nasinzia. Nilipoajiriwa nikapelekwa kwenye mwalo, pale wachimbaji wanaposafishia dhahabu, nikamkuta mama anachoma donge la zebaki na dhahabu kwenye kikaango, jikoni kwake, mtoto yuko mgongoni. Nikamwambia, mama, hiyo ni sumu. Akasema, "Najua, ndiyo maana nimevaa glavu."

MHADHIRI WA KEMIA: Basi umenisaidia. Huyo mama hakukosa uchumi wala insha, alikosa kemia. Zebaki ya majimaji hata ukiimeza, karibu yote hupita tumboni ikatoka. Mvuke wake ukiuvuta, karibu asilimia 80 mapafu yanaupokea. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, dhahabu inayeyuka kwenye 1064, kwa hiyo moto wa mkaa unaifukuza zebaki na kuiacha dhahabu. Na ile iliyofukuzwa imeingia kifuani mwa mama na mwa mtoto. Glavu zimekaa mahali ambapo hatari ni ndogo. Hiyo ni kemia ya mwaka wa kwanza, ikifundishwa sawasawa.

AFISA MAZINGIRA: Na hivyo hasa ndivyo nilivyomweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: basi nichomee wapi, na nikienda huko nani atanilindia dhahabu yangu? Hapo kemia yangu ikaishia.

MHADHIRI WA KEMIA: Ungemtajia retoti.

AFISA MAZINGIRA: Retoti ilikuwepo. Ililetwa na mradi: chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, mvuke unapoa, unarudi kuwa zebaki, inatumika tena. Ilikuwa imefungiwa stoo ya ofisi ya kijiji, juu yake pamewekwa magunia ya mahindi.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Kwa nini ilifungiwa stoo, hilo ndilo swali langu la wiki ya nne. Mchimbaji anataka kuiona dhahabu yake kila dakika. Ndani ya chungu kilichofungwa haioni, na wanaomzunguka hawaamini. Moto wa wazi unamaliza kazi upesi. Zebaki anayoiokoa ni ya fedha kidogo mno mbele ya bei ya dhahabu, kwa hiyo faida ya retoti yeye mwenyewe haihisi. Ingehisiwa na mtoto, na jirani, na anayekula samaki, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwepo dhahabu ikiuzwa. Arthur Pigou aliandika juu ya gharama za namna hii mwaka 1920: zinamwangukia asiyekuwemo kwenye biashara, na bei haizioni. Mtu wa kemia akimaliza miaka mitatu bila kulisikia hilo, atakwenda kijijini na retoti ya pili.

MHADHIRI WA KEMIA: Na mtu wako wa uchumi atakwenda na kodi ya zebaki aliyoiandika kwenye karatasi.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Ataiandika, nami nitamuuliza zebaki inaingiaje nchini. Umoja wa Ulaya ulizuia kuiuza nje mwaka 2011, Marekani ikafuata 2013, na mwaloni bado unaipata kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa. Lita moja ina uzito wa kilo 13 na nusu, haihitaji lori. Inavuka mpaka mfukoni mwa koti. Ukiitoza kodi dukani, inahama duka. Mwanafunzi akikaa na mimi peke yangu atachora mchoro wa kodi ukampendeza. Akikaa na wewe pia, atajua anachokitoza ni kitu gani.

MWANAFUNZI WA MWAKA WA KWANZA: Shikamooni. Mimi nimetoka HGE, historia, jiografia na uchumi. Kemia niliachana nayo nilipoingia kidato cha tatu, wala sikuichukia. Maabara ya shule yetu ilikuwa chumba chenye kufuli. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa sanaa. Sasa mnanirudisha kwenye kemia nikiwa na GPA ya kulinda. Wenzangu wa PCB, wa fizikia, kemia na biolojia, nao, ukiwaambia waandike kurasa nne, wanatoa jasho. Mnatuchanganya ukumbini, sawa, lakini matokeo yakitoka kila mtu anabaki na yake. Nikipata sapu, nikarudia mtihani kwa sababu ya nyuzi 357, nani atakuja kunieleza kwamba nilikuwa sehemu ya jaribio zuri?

MHADHIRI WA KEMIA: Marahaba, mwanangu. Umesema ninachokiogopa kwa maneno machache kuliko yangu.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Hebu tumuulize DS anaisomaje sasa.

MWANAFUNZI: Kwa desa, Dokta. Tunanunua stesheni, kurasa kama 60, mwandishi hajulikani. Usiku wa kuamkia mtihani tunapiga msuli, asubuhi tunamwaga, jioni hakuna anayekumbuka. Lakini tunafaulu.

MWALIMU WA UANDISHI: Nami niseme, maana mnagombania saa 80 na zangu mmeshanipangia. Nimeuona ukurasa wa mwisho wa pendekezo, jedwali la alama: "lugha na mpangilio, alama 10." Yaani nyumba inajengwa na wawili, kisha mimi naitwa kupaka rangi. Sikubali. Mwambieni huyu kijana aandike, kwa sentensi tano, kwa nini glavu hazikumlinda yule mama. Mbili za mwanzo zitatiririka. Ya tatu itamkwamisha, kwa sababu atalazimika kusema mvuke ni nini, na pale alipokwama ndipo Profesa aingie. Kwenye mtihani wa kuchagua herufi hakwami popote; anapiga tiki, anatoka, na wewe mhadhiri unaandika kwamba ameelewa.

MHADHIRI WA KEMIA: Ripoti za maabara wanaandika kila wiki.

MWALIMU WA UANDISHI: Wananakili, Profesa. Lengo, vifaa, njia, matokeo, hitimisho. Ya mwaka juzi inabadilishwa tarehe. Na siku hizi hata kunakili wameacha, programu inawaandikia kabla chai haijapoa. Mimi insha ya "Jadili umuhimu wa mazingira" sisahihishi tena, kwa sababu simjui ninayemsahihisha. Nataka waandike juu ya kitu walichokipima kwa mikono yao, kwenye karai walilolishika, ambacho hakuna programu iliyokuwepo kukiona.

MHADHIRI WA KEMIA: Kwenye karai lenye zebaki? Simpi zebaki mkononi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukumbi wetu unajaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi, na makabati ya kuvuta mvuke yanayofanya kazi maabara nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kozi itakayofundisha hatari ya zebaki kwa kuwavutisha zebaki itakuwa kichekesho.

MWALIMU WA UANDISHI: Basi wapime nini?

MHADHIRI WA KEMIA: Retoti naweza kuifundisha kwa maji na chumvi. Chemsha, pitisha mvuke kwenye bomba lililopoozwa, pima ulichokipata upande wa pili na kilichobaki chini. Maji ndiyo zebaki yako, chumvi ndiyo dhahabu. Watashangaa kiasi kinachopotea kwenye kiungio kisichobana. Nimekujibu swali lako, usidhani nimekubali kozi.

MWALIMU WA UANDISHI: Sijadhani. Lakini chukueni mji wa Minamata, Japani, maana mkataba wa dunia wa zebaki wa mwaka 2013 ndilo jina lake, na Tanzania imeuridhia tangu 2020. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji taka kwenye ghuba. Ugonjwa wa wavuvi waliokula samaki wa hapo ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda hichohicho, Hosokawa Hajime, alimlisha paka maji taka hayo. Kwenye daftari lake ni paka namba 400. Oktoba paka akashikwa na ugonjwa uleule wa wavuvi. Kampuni ikamzuia kuendelea, matokeo yakakaa ndani, na umwagaji haukukoma mpaka 1968. Sayansi ilikuwepo, imelala kwenye kabati. Aliyewafanya Wajapani wengi wawaone watu wa Minamata kama watu ni Ishimure Michiko, mama wa nyumbani wa pwani ileile, kwa kitabu alichokitoa 1969.

MHADHIRI WA KEMIA: Umesimulia nusu. Kabla paka huyo hajaugua, katikati ya 1959, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikwisha kusema ni zebaki, na wakasema ni zebaki ya aina gani: ile iliyoungana na kaboni. Wakajibiwa na wasomi wengine. Mmoja alidai ni amini za samaki waliooza. Wengine wakasema mabomu ya vita yaliyotupwa ghubani. Nakuuliza, mwanafunzi wa saa 40 angejuaje nani mkweli? Mbele yake kuna makala mbili, zote zina majedwali, zote zimeandikwa vizuri. Angeandika insha safi ya kurasa nne kwamba suala lina pande mbili. Insha za namna hiyo, Mwalimu, ndizo zilizowapa wenye kiwanda miaka tisa zaidi.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Na hao wa amini na mabomu walikuwa wamesoma kwa kina, Profesa. Hawakuwa wametoka kwenye kozi ya mchanganyiko. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza jibu hili linamfaa nani.

MHADHIRI WA KEMIA: Usiwafundishe watoto wa watu kuupima ukweli wa kemia kwa kuangalia unamfaa nani. Kesho watakataa chanjo kwa hoja hiyohiyo, na watasema walifundishwa chuo.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Hapo umenibana. Sidai kwamba aliyelipwa ni mwongo. Nadai kwamba anayejua nani amelipa anajua ni jedwali lipi alisome mara mbili.

MHADHIRI WA KEMIA: Akilisoma mara kumi bila kujua kaboni inafanya nini pale, ni sawa na kutolisoma.

AFISA MAZINGIRA: Mniruhusu niwatoe Japani niwarudishe mwaloni, kwa sababu kuna jambo linalonisumbua kila mwezi na sijui nimwite nani kati yenu. Mchimbaji akishasaga mawe kwenye karasha na kukamata dhahabu kwa zebaki, anayoipata mara nyingi haifiki nusu ya iliyomo. Iliyobaki imo kwenye marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuoshwa. Marudio si yake. Sehemu nyingi yanabaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo, ndiyo malipo ya kusagiwa. Huyo anayarundika, halafu yanakwenda kwenye mtambo wa sianidi. Sianidi inaifuata dhahabu iliyobaki, kazi nzuri, mwenye mtambo anatajirika. Ila marudio yale yana zebaki ndani yake.

MHADHIRI WA KEMIA: Na sianidi haichagui. Inaishika dhahabu, inaishika na zebaki, inaiyeyusha. Zebaki iliyokuwa imetulia kwenye mchanga, nzito, haiendi mbali, sasa imo ndani ya maji na inasafiri na maji. Ikifika kwenye matope yasiyo na oksijeni bakteria wanaigeuza, na hiyo iliyogeuzwa ndiyo inayokaa ndani ya nyama ya samaki: mdogo akaliwa na mkubwa, na mkubwa akaliwa na sisi. Mkataba wa Minamata umelitaja waziwazi. Kiambatisho C, mambo manne ya kuondolewa: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge kwenye moto wa wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kutumia sianidi kwenye marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Hili la nne watu hulipita haraka, na kwangu ndilo baya kuliko yote.

AFISA MAZINGIRA: Mwenye mtambo ananiambia, mimi situmii zebaki. Na kweli hatumii. Mchimbaji ananiambia, mimi simwagi sianidi. Na kweli hamwagi.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Na kila mmoja anaanzia pale mwenzake anapoishia. Mchimbaji anatumia zebaki kwa sababu inampa fedha jioni ileile. Sianidi inataka siku kadhaa na mtaji asiokuwa nao. Kama marudio yangekuwa yake, angekuwa na sababu ya kuyatunza yasiwe na zebaki, kwa kuwa angeyauza ghali zaidi. Suala zima linaning'inia kwenye nani anamiliki rundo la mchanga. Pigou hatoshi hapa, naongeza Ronald Coase wa mwaka 1960, mchumi wa haki za kumiliki.

MHADHIRI WA KEMIA: Hilo la rundo sikuwahi kulifikiria.

MWALIMU WA UANDISHI: Miaka mingapi unafundisha sianidi?

MHADHIRI WA KEMIA: Usinitege. Nimesema sikulifikiria, na ningelifundisha kwa furaha, kwa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa tatu ana cha kuleta mezani. Hawa wa kwanza wataleta nini? Shauku. Mambo haya tumeyajaribu. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, chuo cha Dar es Salaam kilianzisha kozi ya pamoja, kila mwanafunzi aijue jamii yake, awe wa sheria awe wa sayansi. Nia haikuwa na dosari. DS ya leo imechipuka hukohuko, na mmesikia inasomwaje. Kozi ya kila mtu huishia haina mwenyewe. Nendeni Marekani: Alexander Meiklejohn alifungua chuo chake cha majaribio Wisconsin mwaka 1927, mwaka mzima wa kwanza wanasoma Athene ya kale kwa fani zote pamoja. Mwaka 1932 kilikuwa kimefungwa.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Na chuo cha Evergreen, jimbo la Washington, wanafundisha hivyo tangu 1971. Programu moja, walimu wa fani mbalimbali, na kila mwalimu anakaa kwenye kipindi cha mwenzake. Hilo la mwisho ndilo linalobeba mzigo wote. DS ilikufa kwa sababu mtu wa kemia hakuwahi kukanyaga humo.

MHADHIRI WA KEMIA: Nikae kwenye kipindi chako? Saa hizo atazihesabu nani? Kupanda cheo kwangu kunategemea makala zilizochapishwa. Hakuna fomu yenye mstari wa "alikaa kimya akamsikiliza mchumi."

MCHUMI WA MAZINGIRA: Tuuandike mstari huo.

MHADHIRI WA KEMIA: Andika. Sasa nikuulize lililonikera kuliko yote kwenye pendekezo lako. Wiki ya saba: "kukadiria thamani ya madhara." Utamfundisha mtoto wa miaka 20 kuweka bei kwenye ubongo wa mtoto mwenzake?

MCHUMI WA MAZINGIRA: Ndiyo, nitamfundisha, kwa sababu bei hiyo inawekwa tupende tusipende, na asipokuwepo wa kuitaja inawekwa sifuri. Tazama Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ubavuni mwa kijiji, madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale na kushughulikia tathmini ya mazingira, akageuka kuwa mpinzani wake mkubwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikatengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha amri ile. Ndani ya faili moja kuna vipimo vya damu, kuna hesabu ya fidia, na kuna maelezo ya watu yaliyoandikwa yakasimama mbele ya majaji. Ondoa kimoja uone kesi inavyobaki.

MWALIMU WA UANDISHI: Vipimo vyenyewe havikujiandika wala kujipeleka mahakamani.

MHADHIRI WA KEMIA: Na bila maabara iliyojua kupima risasi kwenye damu msingekuwa na cha kuandika. Kesi ile ilihitaji wataalamu watatu, kila mmoja ameiva kwake. Ninyi mnataka mtu mmoja mbichi mara tatu.

MWANAFUNZI: Samahani. Mnasema kama vile tutabaki mwaka wa kwanza maisha yote. Mimi nitakwenda uchumi, mwenzangu atabaki kemia. Swali langu ni kama tukikutana halmashauri baada ya miaka minne tutasikilizana. Sasa hivi hatusikilizani hata kwenye kantini. Jamaa wa kemia ananiita mtu wa maneno.

AFISA MAZINGIRA: Na wewe unamwita nani?

MWANAFUNZI: Mtu wa fomyula. Ila Mwalimu, mimi nina hofu na hiyo kazi ya kikundi. Kwetu kikundi ni watu 15. Wawili wanafanya, watatu wanachangia hela ya kuchapisha, waliobaki wanatuma namba za usajili ziandikwe kwenye jalada. Mkisema wa sayansi na wa sanaa waandike pamoja, mjue tutakachofanya: wa PCB ataandika kemia, mimi nitaandika uchumi, mwenye Kiingereza kizuri ataunganisha. Mtapata kozi tatu ndani ya bahasha moja.

MWALIMU WA UANDISHI: Basi nitabadilisha. Wa PCB aandike sehemu ya marudio na umiliki, wewe uandike sianidi.

MWANAFUNZI: Nitafeli.

MWALIMU WA UANDISHI: Rasimu ya kwanza, utafeli. Ndiyo maana ziko tatu.

AFISA MAZINGIRA: Na ziandikwe kwa lugha gani? Ofisini kwangu vijana wanaleta ripoti kwa Kiingereza, kurasa 40, za nadharia 25. Baraza la madiwani linakaa kwa Kiswahili. Nampa kijana dakika kumi asimame aeleze, anasoma slaidi. Diwani mmoja alimuuliza, "Kwa hiyo samaki tule au tusile?" Kijana akasema utafiti zaidi unahitajika.

MHADHIRI WA KEMIA: Huenda lilikuwa jibu sahihi.

AFISA MAZINGIRA: Huenda. Lakini diwani anakwenda kusema nini kijijini? Zipo hatua kati ya "tule" na "tusile". Samaki gani, mkubwa au mdogo, nani asile, mjamzito au kila mtu. Hayo kijana alikuwa nayo kwenye ukurasa wa 33.

MWALIMU WA UANDISHI: Kwenye kozi ziwe kazi mbili. Ripoti kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia na mtihani utaitaka. Halafu kurasa mbili za Kiswahili kwa watu wa mwaloni, zenye uzito uleule wa alama, zisomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakusoma kemia.

MHADHIRI WA KEMIA: Hizo za Kiswahili ningependa kuzisahihisha mimi. Kwenye Kiingereza wanajificha nyuma ya istilahi, unaona neno kubwa unadhani kuna maarifa. Aniambie kwa Kiswahili cha nyumbani jinsi chuma cha majimaji kinavyogeuka kuwa kitu kinachokaa ndani ya nyama ya sangara, asinidanganye hata mahali pamoja. Nitajua kama anajua.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Unasikia unavyosema? "Ningependa kuzisahihisha mimi." Niandike kwamba kitivo cha sayansi kimekubali?

MHADHIRI WA KEMIA: Andika masharti kwanza. Moja, wanaobaki kemia wasipunguziwe hata saa moja ya maabara yao. Saa za kozi hii zitoke kwingine. Mbili, zebaki haiingii darasani. Tatu, na hili sitarudi nyuma: hakuna wastani. Pendekezo lako linajumlisha alama tatu na kugawa kwa tatu. Maana yake mtu anaweza kupata 20 kwenye kemia, 70 kwenye uandishi, 60 kwenye uchumi, akapewa 50 na kufaulu. Huyo umempa cheti cha kueleza kwa ufasaha jambo asilolijua. Kila sehemu ifauliwe peke yake.

MWALIMU WA UANDISHI: Ripoti yenye kemia ya uongo kwangu haipati 70. Haijaandikwa vizuri.

MHADHIRI WA KEMIA: Utajuaje ni ya uongo?

MWALIMU WA UANDISHI: Nitakuuliza wewe. Tutasahihisha karatasi moja, meza moja, alama moja. Ukizitenganisha sehemu umeivunja kozi kabla haijaanza. Watarudi kugawana kazi kama alivyosema kijana, kila mtu alinde kipande chake.

MHADHIRI WA KEMIA: Na ukiziunganisha umenipokonya haki ya kusema huyu hajui kemia.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Tunaweza kuweka kiwango cha chini, asilimia 35 kila sehemu, halafu wastani...

MHADHIRI WA KEMIA: Nani anataka daraja lililojengwa na mtu wa asilimia 35?

MCHUMI WA MAZINGIRA: DS unawapitisha kwa 40 na hujawahi kulalamika.

MHADHIRI WA KEMIA: DS haiui mtu.

MWANAFUNZI: Naomba mnijibu kitu kimoja, maana jina litakalobandikwa ubaoni ni langu. Nikipasi uchumi, nikapasi uandishi, nikashindwa kemia tu: narudia kemia, au narudia kozi nzima?

MHADHIRI WA KEMIA: Kozi nzima.

MWALIMU WA UANDISHI: Hata mimi nasema kozi nzima, lakini si kwa sababu yake.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Mimi nasema kemia tu, mwezi Septemba, pamoja na sapu nyingine.

MWANAFUNZI: Na hiyo sapu ya Septemba atatunga nani?

MHADHIRI WA KEMIA: Mimi.

MWALIMU WA UANDISHI: Sisi watatu.

MCHUMI WA MAZINGIRA: Tulipeleke seneti likiwa hivihivi, na majibu yote matatu.